Kuitambua protini kwa mgao wa asidi amino, ukiwa na laptopu tu
Wanafunzi wangu hapa Wandegeya, Kampala, wakipata majibu ya mashine inayopima kiasi cha kila asidi amino, hukimbilia intaneti kutafuta jina la protini. Nawazuia. Kwanza kumbuka sampuli ilipitia nini ili protini ivunjike kuwa asidi amino moja moja: asidi hidrokloriki, nyuzi joto 110, saa 24. Humo triptofani huharibika, sisteini haiaminiki tena, asparajini hugeuka asidi aspatiki na glutamini hugeuka asidi glutamiki. Kwa hiyo unabaki na makundi 16, si 20. Kanzidata ya protini haina habari hiyo, kazi ya kuirekebisha ni yako.

Jizoeze na laisozimu, protini ya ute wa yai la kuku, yai lile lile la rolex, chapati yetu ya mayai. Fungua P00698, namba ya protini hiyo, kwenye UniProt, kanzidata ya protini mtandaoni. Utakuta herufi 147, kila herufi asidi amino moja, ila 18 za mwanzo ni kipande cha kuongoza ambacho kuku mwenyewe hukikata. Zifute, zibaki 129, uzibandike kwenye kisanduku A2 cha jedwali. Glisini, yaani herufi G, zihesabu hivi:

=LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,"G",""))

Zipo 12. Sasa toa sisteini 8 na triptofani 6 kwenye jumla: 115. Glisini ni asilimia 10.4. Ukigawa kwa 129 unapata 9.3, na kila kundi litapotoka vivyo hivyo. D (asidi aspatiki) na N (asparajini) zijumlishe pamoja: 21, yaani asilimia 18.3.

Protini za spishi yako zipakue bando likiwepo, kila moja mstari wake. Umeme ukikatika unaendelea na betri. Fomula ya SUMXMY2 hutoa tofauti za asilimia kati ya sampuli yako na kila protini, huzizidisha zenyewe kwa zenyewe, kisha hujumlisha kuwa alama moja. Sifuri ni kufanana kabisa. AACompIdent, programu ya mtandaoni ya Uswisi, nayo hutumia hesabu hii, lakini nataka muifanye kwa mkono muione ikitembea.

Panga kuanzia alama ndogo, halafu tazama pengo. Ya kwanza 12 na ya pili 40, naamini. Ya kwanza 12 na ya pili 14, siamini mpaka uzito kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, ukubali. Laisozimu hukaa karibu na kilodaltoni 14.

Siku hiyo hiyo pitisha pia albumini ya ng'ombe, ambayo mgao wake unajulikana. Itakuonyesha serini na threonini zimepungua kiasi gani, urekebishe.

Jeli ikionyesha mistari miwili, usihesabu chochote. Utapata wastani wa protini mbili, usiofanana na yoyote kati yake. Rudi ukasafishe sampuli.