Chatu Mdogo Akae Wapi: Rafu ya Droo au Tangi la Kioo

Kabla ya kuulizia bei, hesabu nyoka ulio nao. Mwenye chatu mmoja sebuleni na mwenye arobaini chumba cha uani hawafanyi kazi moja, wala vifaa vyao havina sababu ya kufanana. Makosa mengi huanza pale mwenye mmoja anapoiga vifaa vya mwenye arobaini.

Vipimo vya hapa ni vya Python regius, chatu mdogo anayepatikana kuanzia Senegali hadi Uganda, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana majumbani Marekani na Ulaya. Jike hufika sentimita 120 hadi 150, dume 90 hadi 120, na akitunzwa huishi miaka 20 hadi 30. Chatu wakubwa wa huku kwetu, wanaopita mita 4, hawamo kwenye hesabu hii, na kuwatoa porini bila kibali ni kosa Kenya na Tanzania.

Rafu ya droo inafaa lini

Ni kabati lenye rafu zilizobanana, na kila rafu ina droo ya plastiki isiyo na kifuniko, kwa kuwa rafu ya juu yake ndiyo kifuniko. Joto hutoka kwenye utepe wa umeme uliopita nyuma au chini. Unavuta droo, unatoa karatasi iliyochafuka, unabadilisha maji, unarudisha. Dakika mbili umemaliza. Ndani mna giza, unyevu hautoroki na umeme unaotumika ni kidogo. Mtoto wa chatu aliyetoka yaini juzi, mwenye sentimita 30 na woga mwingi, hutulia humo na kuanza kula mapema kuliko akiwekwa kwenye kioo kikubwa kisicho na maficho.

Ubaya wake unakuja anapokua. Droo ya kawaida ya mkubwa ina takriban sentimita 85 kwa 45, na kimo cha 15 tu. Jike la sentimita 130 halinyooki humo hata kwa pembe. Porini wachanga na madume hupanda miti na kula ndege. Kwenye kimo cha sentimita 15 hakuna cha kupanda. Mwongozo wa serikali ya Ujerumani wa mwaka 1997 hupima kizimba kwa urefu wa nyoka mwenyewe, na kwa kipimo hicho droo nyingi zinashindwa. Kwa hiyo rafu ni ya watoto, ya karantini na ya mwenye nyoka wengi anaowakagua kila siku. Chatu mkubwa unayemfuga kwa kumpenda mpe sanduku kubwa.

Ukubwa wa droo ufuate mwili: lita 5 au 6 kwa aliyeanguliwa, takriban lita 30 akikaribia gramu 500.

Kuitengeneza isikutoroshee nyoka wala isikuunguzie nyumba

Nafasi kati ya mdomo wa droo na rafu ya juu isizidi milimita 3. Chukua penseli: ikipenya, mtoto wa nyoka atapenya. Kagua ukiwa umesukuma droo upande mmoja, maana droo iliyokaa katikati huficha pengo lake.

Matundu ya hewa yawe ya milimita 5 au 6, kumi kila ubavu kwa kuanzia. Toboa kwa keekee au chuma cha kulehemu ukitokea ndani kwenda nje, ili ukingo mkali ubaki nje. Ukigeuza, nyoka atasugua pua usiku kucha hadi itoke damu. Ukuta wa droo ukitoa jasho siku nzima, ongeza matundu machache upande wa baridi. Usitoboe mengi kwa mkupuo, kwa sababu tundu likishatobolewa haliondoki.

Utepe wa joto ufunike theluthi moja ya sakafu ya droo, si zaidi, ili nyoka apate pa kukimbilia. Soma volti zilizoandikwa juu yake kabla ya kuuchomeka. Utepe wa soko la Marekani ni wa volti 120. Ukiuunganisha kwenye 230 hadi 240 za Afrika Mashariki au Uingereza haukupi joto maradufu, unakupa karibu mara nne, na hapo unachoma nyumba. Viungo vya waya vifunikwe kwa vifuniko vyake vya plastiki na utepe usikunjwe.

Thamostati, kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichoweka, si kitu cha kununua mwezi ujao. Utepe usio nayo unaweza kupita nyuzi 60, na nyoka mara nyingi haondoki juu ya kitu kinachomuunguza hadi tumbo limeshababuka. Kihisio chake kibandike nje ya droo, kati ya utepe na plastiki. Ukikiweka ndani, nyoka atakisukuma au atakikojolea, nacho kitasoma ubaridi na kuendelea kuamrisha moto. Kwa kuwa kiko nje, namba ya thamostati haitalingana na sakafu ya ndani: unaweza kuweka 35 ukapata 32 ndani. Pima sakafu yenyewe kwa kipimajoto chenye umbo la bunduki, kinachopima bila kugusa, urekebishe mpaka upande wa joto usome nyuzi 31 hadi 33 na upande wa baridi 25 hadi 27.

Rafu ya ngazi sita yenye thamostati moja ina tabia yake: joto hupanda, na droo ya juu huzidi ya chini kwa nyuzi moja hadi tatu. Weka kihisio kwenye ngazi iliyo na joto zaidi, halafu wanaohitaji joto kidogo zaidi uwahamishie juu. Kukiweka chini ili droo ya chini ipate 32 ni kuichemsha ya juu.

Tangi la kioo

Kwa mkubwa lenga sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Fanya hesabu ya meza kwanza. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa mita ya mraba, kwa hiyo tangi hilo lisilo na kifuniko ni kilo 43 likiwa tupu. Matandiko ya kina cha sentimita 8 yanakula lita 58. Kabati la vitabu la mbao laini litapinda katikati, na kioo hakipindi pamoja nalo.

Tangi lililotengenezwa kwa ajili ya samaki, lenye wavu juu, ndilo baya kuliko yote kwa chatu huyu. Joto na unyevu vyote vinatokea juu. Mfugaji ananyunyiza maji asubuhi, mchana kipimo cha unyevu kimeshashuka hadi asilimia 35. Chatu huyu anataka asilimia 55 hadi 70. Matokeo utayaona siku ya kujivua gamba: badala ya soksi moja nzima, linatoka vipandevipande, na mabaki yanaganda kwenye ncha ya mkia na juu ya macho. Kama tangi la wavu unalo tayari, funika robo tatu ya wavu kwa plastiki ngumu au karatasi ya alumini, na mahali pa taa paache wazi. Kama bado hujanunua, chukua linalofunguka mbele. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwa nyoka, ni mwewe.

Sakafuni tandika makumbi ya nazi yaliyosagwa. Maji yamimine kwenye pembe, yazame chini, uso ubaki mkavu. Makumbi yaliyolowa juu huozesha magamba ya tumbo. Usitumie mbao za mwerezi, mafuta yake ni sumu kwa nyoka.

Joto la tangi kubwa hutoka juu, kwa balbu ya kauri ya wati 100 ndani ya kizimba kidogo cha waya, ikiongozwa na thamostati inayotoa umeme kwa mapigo mafupi. Ile ya kuwasha na kuzima ni ya mikeka na tepe. Bila kizimba hicho chatu atajiviringisha kwenye balbu yenyewe.

Kinachomfanya nyoka ajifiche siku nzima na kukataa chakula kwa kawaida si ukubwa wa tangi, ni uwazi wake. Ziba kioo cha nyuma na cha pembeni kwa karatasi nyeusi. Weka maficho mawili yanayofanana, moja kila upande, madogo kiasi kwamba akijikunja ndani mgongo unagusa ukuta. Akiwa na moja tu, upande wa joto, atachagua usalama hata kama anachemka. Kisha jaza katikati kwa magogo, magome na majani ya plastiki hadi theluthi mbili ya sakafu isionekane. Vioo vya kuteleza vitie kufuli. Nyoka husukuma kwa pua usiku, na pengo dogo linamtosha.

Kumhamisha

Sanduku jipya, liwe rafu au tangi, liwake tupu kwa saa 72. Andika joto la asubuhi na la usiku wa manane. Mjini Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, joto la chumba hushuka wakati wa baridi. Mombasa tatizo ni mchana wa Februari, chumba chenyewe kinapogota nyuzi 32 na upande wa baridi haupo tena. Hapo zima balbu au utepe na upitishe hewa chumbani.

Ukishamwingiza, usimshike kwa siku 7, ndipo umpe panya, mdogo kidogo kuliko aliyezoea. Akikataa, mwache siku 7 nyingine. Kumsogezea panya kila jioni kunamtia hofu zaidi. Mkubwa mwenye afya huweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Mpime kwa mizani ya jikoni, na akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito mpeleke kwa daktari.

Nyoka mpya asiingie kwenye rafu pamoja na wengine kabla ya siku 60 katika chumba kingine. Utitiri hutembea kutoka droo hadi droo, na kwenye kabati moja hauna mlango wa kuuzuia. Mtandikie karatasi nyeupe: vidoti vyeusi vinavyotembea, au vilivyokufa ndani ya bakuli la maji, ndio huo.