Namna ya Kupata Chakula cha Kiafrika na Migahawa ya Watu Weusi Ughaibuni: Mwongozo kwa Msafiri wa Kigoma

Msafiri anayetoka Kigoma kwenda nje ya Afrika mara nyingi hupoteza siku zake za kwanza kwa sababu ya swali lililoulizwa vibaya. Huuliza mahali panapouzwa chakula cha Kitanzania, huambiwa kwamba hakuna, kisha hushinda wiki nzima akila mkate na viazi. Migahawa inayojitangaza kwa jina la Tanzania ni michache katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, lakini chakula anachokitamani mtu wa Ujiji au Mwanga, yaani ugali wa muhogo, sombe iliyoungwa kwa mawese, dagaa na maharage, hupikwa katika miji hiyo kwa jina la majirani zetu wa ziwani. Kwa hiyo acha kutafuta kwa jina la nchi, utafute kwa jina la chakula, tena lile analolitumia Mkongo au Mrundi.

Majina hayo yanafaa kuandikwa kwenye simu kabla ya kuondoka. Sombe, ambayo mtu wa Dar es Salaam huiita kisamvu, hubaki sombe kwa watu wa Kivu, lakini kwa watu wa Kinshasa ni pondu, na ndivyo itakavyoandikwa katika migahawa mingi ya Kikongo. Dagaa ni ndagala kwa Mrundi na kwa Mkongo wa mashariki, na ni ndakala kwa anayesema Kilingala, ingawa si lazima wawe wametoka Ziwa Tanganyika. Mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, ukitajiwa na Mrundi utaitwa mukeke. Mawese, katika maduka ya Ufaransa na Ubelgiji, huuzwa kwa jina la "huile de palme" au "huile rouge". Ugali wa muhogo utaukuta umeandikwa fufu, na hapa pana mtego, kwa sababu fufu ya Ghana hutwangwa kwa muhogo uliochemshwa pamoja na ndizi, nayo huwa laini, yenye kunata, na humezwa pamoja na mchuzi bila kutafunwa. Anayetaka ugali wa kumega na kuchovya kama wa nyumbani aulize kwanza kama fufu hiyo ni ya Kikongo.

Baada ya majina, nenda dukani kabla ya kwenda mgahawani. Ninaposema duka ninakusudia lile dogo linalouza unga wa muhogo, mawese, samaki wakavu, vitenge na mafuta ya nywele, kwa kuwa mwenye duka anamjua mpishi anayenunua unga kwa gunia, na anamjua hata yule anayepika nyumbani kwake kwa oda bila kibao chochote. Saluni za kusuka na vinyozi nao ni watoa habari wazuri, pengine kuliko simu, kwa sababu anayesuka kuanzia asubuhi hadi usiku lazima aletewe chakula kutoka mahali fulani. Katika jiji la Brussels mambo hayo yote yamekusanyika Matonge, mtaa ulio Ixelles karibu na Porte de Namur, ambao umepewa jina la Matonge ya Kinshasa. Huko Kifaransa na Kilingala ndizo lugha zinazotawala, lakini watu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wanasema Kiswahili, na salamu iliyotolewa kwa utulivu hufungua mlango. Mwite muuzaji "mama" hata kama anaonekana mdogo kwako. Wakongo huitana hivyo kwa heshima, na bei nayo huenda ikasikia.

Paris, shuka kituo cha Château Rouge kwenye njia ya nne ya metro, utoke mtaa wa Dejean, ambako samaki, mihogo na majani mabichi huuzwa karibu kama sokoni kwetu. London kuna Rye Lane ya Peckham na soko la Ridley Road huko Dalston. Peckham ina sura ya Nigeria zaidi kuliko ya Kongo, hivyo tarajia viazi vikuu, wali mwekundu wa jollof na mchuzi wa mbegu za egusi wenye pilipili isiyo ya mzaha.

Sasa niseme jambo ambalo wengi huchanganya. Mgahawa wa chakula cha Kiafrika si lazima uwe wa mtu mweusi, na mgahawa wa mtu mweusi si lazima upike chakula cha Kiafrika. Anayetaka fedha yake ifike kwa mwenye asili ya Kiafrika inambidi aulize umiliki wenyewe, na swali hilo, likiulizwa kwa adabu, halimchukizi mtu: "Mgahawa huu ni wa kwenu?" Kwa Marekani zipo njia za moja kwa moja. Programu ya simu iitwayo EatOkra, iliyoanzishwa mwaka 2016, huorodhesha migahawa inayomilikiwa na watu weusi nchini humo, na tangu mwaka 2020 ramani za Google zimewaruhusu wafanyabiashara wa huko kuweka alama ya kuonyesha kwamba mmiliki ni mtu mweusi. Orodha za namna hiyo zina historia ndefu. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, msambaza barua wa posta aliyekuwa akiishi Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha kumwonyesha msafiri mweusi hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambavyo vingempokea bila kumfukuza, na kitabu hicho kiliendelea kutolewa hadi miaka ya 1960.

Huko Marekani, tofautisha jiko la wahamiaji kutoka Afrika na jiko la Wamarekani weusi wenyewe. Katika mtaa wa 116 upande wa magharibi, Harlem, utakuta Wasenegali na wali wao wa samaki uitwao thieboudienne, ambao mtu wa Kigoma huufurahia tangu tonge la kwanza. Washington ina migahawa mingi ya Kihabeshi, na Los Angeles ina kipande cha barabara ya Fairfax kinachoitwa Little Ethiopia. Injera, mkate wao mwembamba na laini kama chapati, ina ladha ya uchachu, na ama utaizoea ama hutaizoea. Jiko la Wamarekani weusi ni jingine, na mgahawa wa Sylvia's uliofunguliwa Harlem mwaka 1962 ni miongoni mwa inayojulikana sana. Mboga za majani za huko hufanana kwa sura na sukuma wiki, lakini kwa desturi huchemshwa pamoja na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Mwislamu wa Ujiji asiagize kwa kutazama picha tu, bali aulize sufuria hiyo ilitiwa nini. Kwa Wasomali na Wasenegali wasiwasi huo hupungua sana, ila kuuliza hakugharimu kitu. Katika migahawa ya kuhudumiwa mezani, ongeza asilimia 15 hadi 20 ya bei kwa mhudumu, na uiweke katika hesabu yako mapema.

Majimbo ya Texas na Kentucky yana familia nyingi za Wakongo waliohamishiwa Marekani kama wakimbizi, na baadhi yao wamepitia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu. Wamekula dagaa wa Kigoma kwa miaka mingi, na wanajua unachokitafuta kabla hujamaliza sentensi. Uliza katika makanisa yenye ibada ya Kiswahili.

Kwa wafanyabiashara waendao China, eneo la Xiaobei jijini Guangzhou ndilo la kuanzia. Ramani za Google hazifunguki huko kwa njia ya kawaida, kwa hiyo usizitegemee. Mtegemee Mtanzania aliyekutangulia, na upate mawasiliano yake kabla hujapanda ndege. Kwa Dubai anza na Deira.

Ukibahatika kufika Salvador nchini Brazil, tafuta acarajé, ambayo ni bagia nene ya kunde inayokaangwa katika mafuta yaitwayo dendê. Dendê ni mawese. Wauzaji ni wanawake wanaokaa barabarani wakiwa wamevaa mavazi meupe, na kazi yao ilitambuliwa na serikali ya Brazil kuwa urithi wa taifa mwaka 2005. Ukisimama karibu na karai, utaijua harufu kabla ya kuonja.

Popote utakapokuwa, piga simu kabla ya kwenda. Menyu ya mgahawa wa Kiafrika huorodhesha kila kinachoweza kupikwa, si kilichopikwa leo, na sombe iliyotwangwa na kuiva vizuri haiandaliwi kwa nusu saa. Uliza, "Leo mmepika nini?" Wakikujibu kwamba pondu ni ya Jumamosi, agiza sahani yako siku hiyohiyo unapopiga simu, kwa sababu Jumamosi jioni huwa imekwisha.