Kuchezesha kibonzo kwenye karatasi, kwa njia ya Little Nemo ya 1911

Winsor McCay alianza kuchora vibonzo vya Little Nemo kwenye gazeti la New York Herald mwaka 1905. Mwaka 1911 akawatoa gazetini wahusika wake, akawaingiza kwenye filamu fupi: michoro kama 4,000, yote kwa mkono. Sisi tutachora 60, yaani sekunde 5. Tafuta karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, penseli, kalamu ya wino mweusi na simu.

Hatua ya 1: Mhusika. Awe wa mistari michache. Shati la maua utalijutia kabla hujafika mchoro wa ishirini. McCay alimtumia Nemo, Flip mwenye sigara, na Impie. Huyu wa mwisho alichorwa kwa dharau ya enzi zile dhidi ya Mwafrika, usimwige.

Hatua ya 2: Nyuma pawe peupe. Itazame filamu yenyewe: wahusika wanacheza mahali patupu. Mwaka 1914, kwenye filamu yake nyingine, Gertie the Dinosaur, McCay alitaka mandhari, na ikabidi inakiliwe upya kwenye kila karatasi. Kazi hiyo alimpa kijana aitwaye John Fitzsimmons. Wewe huna Fitzsimmons.

Hatua ya 3: Misalaba ya pembeni. Chora misalaba midogo kwenye pembe za karatasi ya kwanza, kisha inakili palepale kwenye zote. McCay alifanya hivyohivyo. Mimi mara ya kwanza niliweka mmoja tu, nikaona inatosha; mhusika wangu akatoka anatetemeka kama mwenye malaria.

Hatua ya 4: Kuchora. Usiende mfululizo kutoka 1 hadi 60, maana mhusika atanenepa njiani bila wewe kujua. Chora kwanza mikao mikuu, mathalani 1, 20, 40 na 60. Halafu chora wa 10, ulio katikati ya 1 na 20, kisha ujaze mapengo.

Kwa zoezi, chukua lile tukio ambalo Nemo anawavuta na kuwabonyeza wenzake kama wako mbele ya kioo kinachopotosha sura. Siri yake ni ile ya donge la chapati: ukilivuta linakonda, ukilibonyeza linatanuka, lakini unga ni uleule. Mhusika akirefuka bila kukonda, mtazamaji ataona amekua, hataona amevutwa.

Hatua ya 5: Jaribio. Shika karatasi kumikumi, zipeperushe kwa kidole gumba. Panapogutuka, rekebisha kwa penseli kabla ya kutia wino.

Hatua ya 6: Kupiga picha. Funga simu isicheze, taa iwe moja, dirisha lifungwe pazia. Jua likisogea, weupe wa karatasi utabadilika kila picha. Linganisha misalaba, piga, badilisha karatasi. Ziunganishe kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde, na mchoro wa mwisho urudie mara kumi hivi, asitoweke ghafla.