Mafuta Sugu Kwenye Sufuria: Namna ya Kuyang'oa Bila Kuila Alumini

Kikundi chetu cha akina mama mtaani Migosi, hapa Kisumu, kina sufuria kubwa za alumini ambazo wanachama huziazima wakati wa matanga, harusi na sherehe nyingine za nyumbani, na kanuni ya kuziazima ni moja tu: sufuria irudi jinsi ilivyotoka. Kwa kuwa mimi ndiye mtunza vyombo, hupokea sufuria zilizokaangiwa samaki wa mbuta na omena siku mbili mfululizo juu ya kuni, zikiwa na madoa ya kahawia chini ya ukingo na gamba jeusi kitakoni, huku aliyeazima akiapa kwamba amesugua mpaka mkono umekufa ganzi. Mara nyingi husema kweli. Tatizo ni kwamba ametumia nguvu mahali palipohitaji joto, muda na dawa inayopatana na madini ya chombo chenyewe.

Mafuta ya kupikia yakiwa mengi ndani ya sufuria hubaki mafuta. Yanapochuruzika nje na kusambaa kama utando mwembamba juu ya bati lenye moto, hukutana na hewa, huvuta oksijeni, na chembe zake hushikana moja kwa nyingine mpaka utando wote unageuka kitu kinachofanana na vanishi ya mbao. Hapo hayo si mafuta tena, na ndiyo sababu sabuni, ambayo kazi yake ni kuyabeba mafuta ndani ya maji, hupita juu yake bila kuyashika. Mafuta ya maji, kama ya alizeti au ya soya, hukauka namna hiyo upesi kuliko yale mafuta magumu ya kopo, na mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki mara tatu au nne hunata vibaya zaidi. Mtu anayekaangia mafuta ya kupima yaliyorudiwa asishangae kuona sufuria yake ikishika rangi ya kahawia katika wiki moja.

Si kila kilicho cheusi ni mafuta, hata hivyo. Masizi ya kuni hushika kidole ukiyagusa na hutoka kwa maji na sabuni, ingawa yakichanganyika na mafuta huwa lami. Ukoko wa wali au wa ugali ni wanga ulioungua, na huo huvimba na kulegea ukiroweshwa usiku kucha katika maji matupu. Mafuta yaliyokauka hayashiki kidole yakiwa baridi, hung'aa kidogo kama gundi, na sufuria ikipata moto hunata. Inafaa kuvitambua vitu hivi vitatu kabla ya kuchukua dawa yoyote, kwa maana nimeona watu wakiugharimia ukoko wa ugali dawa kali wakati ndoo ya maji ingetosha.

Jambo la pili la kutambua ni madini. Sufuria nyingi za jikoni kwetu, ziwe za kiwandani au zile nzito zinazoyeyushwa na mafundi wa jua kali, ni za alumini: ni nyepesi kwa ukubwa wake, zina rangi ya kijivu cha fedha, na sumaku haizishiki hata kidogo. Ukikosa sumaku, ile ya spika iliyokufa inatosha kwa jaribio hili. Alumini hulindwa na utando mwembamba sana unaojitengeneza wenyewe juu yake inapokutana na hewa. Utando huo hustahimili maji na vyakula vya kawaida, lakini huyeyuka ukikutana na magadi makali au asidi kali, na ukishayeyuka, kinachofuata kuliwa ni sufuria yenyewe.

Hilo nililijua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilishauriwa sokoni nitumie kostiki soda, ile inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni ya kipande, nami nikaimimina vijiko vitatu katika sufuria ya lita kumi yenye maji ya uvuguvugu. Sufuria ilianza kutokota bila moto. Povu lilipanda, mvuke wenye kuwasha ukanipiga machoni, na nilipomwaga maji yale baada ya nusu saa, mafuta yalikuwa yametoka kweli, ila kitako kilikuwa kimekuwa cheusi, chenye vishimo, na chembamba kiasi kwamba hakikumaliza mwaka. Mapovu yale ni ya gesi ya hidrojeni, ambayo hushika moto kwa urahisi, na jiko la makaa lilikuwa hatua mbili tu kutoka pale nilipokuwa nimechutama. Dawa za kuzibulia mabomba na baadhi ya dawa za kusafishia ovena zina kostiki hiyo hiyo, zisikaribie alumini.

Njia ninayoitumia sasa kwa sufuria za alumini huanza na maji ya moto. Kwangua kwanza mafuta mazito kwa ncha ya mwiko wa mbao au kipande cha plastiki ngumu, uyatie kwenye majivu au gazeti kuukuu badala ya kuyamwaga kwenye sinki, kwa kuwa yakipoa huziba bomba, na yasipoliziba huishia mtaroni na baadaye ziwani. Kisha jaza maji yapite alama ya uchafu, tia vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila lita tano, funika, na uache yachemke kwa moto mdogo nusu saa. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za selsiasi, si 100. Tofauti hiyo haidhuru kazi, ila mwenzangu wa Nakuru, aliye juu zaidi, aongeze dakika kumi. Baada ya hapo ondoa moto na uache sufuria na maji yake mpaka asubuhi. Saa hizo za usiku ndizo zinazofanya kazi kubwa, na mtu anayezinyima sufuria hulipia kwa mkono wake.

Asubuhi mwaga maji, na kabla sufuria haijakauka isugue kwa waya laini wa kusugulia pamoja na sabuni, ukienda upande mmoja badala ya kuzungusha, ili mikwaruzo isikatane. Wengi hapa ufukweni husugua kwa mchanga wa ziwa. Mchanga hung'oa mafuta, sikatai, lakini huchimba mifereji midogo ambayo mafuta ya kesho huingia na kukaa humo, kwa hiyo sufuria iliyozoeshwa mchanga hushika uchafu upesi zaidi kila mwezi. Gunzi la mahindi lililokauka hufanya kazi nzuri kuliko mchanga kwa madoa ya katikati, na halina gharama.

Yatakayobaki baada ya hapo hudai soda ya kuokea. Hii si bekingi pauda, ambayo ndani yake mna asidi na wanga. Changanya sehemu tatu za soda na moja ya maji mpaka upate uji mzito, paka juu ya madoa, acha robo saa, sugua na usuuze. Hapa kuna siri ndogo inayofaa kujulikana. Soda ikiwa baridi ni dawa ya upole, lakini ukiichemsha hutoa gesi na kugeuka kuwa magadi makali zaidi, yanayoipaka alumini rangi nyeusi. Kwa hiyo kwenye alumini ipake ikiwa baridi, wala usiichemshe. Magadi tunayotilia mboga za kienyeji ni makali kuliko soda tangu yakiwa baridi, na sufuria inayopikiwa mrenda kila siku huonyesha jambo hilo kwa weusi wake wa ndani.

Nje ya sufuria ndiko kwenye kazi ngumu, hasa pale chini ya ukingo uliopinda, ambako mafuta hujificha na masizi yakayafuata. Maji hayasimami upande wa nje, hivyo ni lazima chombo chote kizame. Sufuria ndogo huingia ndani ya kubwa na kuchemshwa humo. Kwa sufuria isiyopata ya kuimeza, mimi hupaka uji wa soda nje kote, nikaizungushia vitambaa vikuukuu vilivyoloweshwa kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha nikaifunika kwa beseni na kuiweka juani kuanzia saa tano hadi saa nane mchana. Zamani tuliifunga ndani ya mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, na kusema kweli beseni huhifadhi joto vizuri zaidi. Jua la Kisumu halilipiwi, na ule utando unaonata ukikaa katika unyevu na joto kwa saa tatu hulegea kiasi cha kukwanguka kwa mwiko. Chini ya ukingo tumia mswaki wa zamani.

Bibi zetu wa Kakamega, Siaya na Busia hawakuwa na soda, walikuwa na majivu, na majivu yana akili yake. Maji yaliyochujwa katika majivu ni magadi. Ndiyo hayo Waluhya huyatengenezea munyu wa kulainishia mboga. Majivu yanapokutana na mafuta ambayo hayajakauka sana, sehemu ya mafuta hugeuka sabuni papo hapo, na unga wa majivu husugua bila kukwaruza sana. Tumia majivu ya kuni, uyachekeche kwanza ili kijiwe kisibaki, uyapake yakiwa na unyevu kidogo, na usiyaache kwenye alumini zaidi ya dakika kumi. Mwenye mikono iliyopasuka avae glavu.

Sufuria ikiwa safi lakini imebaki na weusi wa ndani, weusi huo si uchafu. Ni ule utando wa alumini uliobadilika, na dawa yake ni asidi ya upole. Chemsha maji yenye ndimu mbili zilizokatwa, au nusu kikombe cha siki, kwa kila lita, dakika kumi hadi kumi na tano, na weusi utaondoka. Ukwaju nao hufaa. Wengi hushauriana wachanganye siki na soda kwa pamoja kwa sababu ya lile povu. Povu hilo linapendeza macho, lakini siki na soda zikikutana huuana, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi yasiyong'oa kitu. Tumia soda kwanza, suuza vizuri, kisha ndipo utumie siki. Na dawa ya kupaushia nguo isikutane na siki kamwe: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu.

Sufuria za chuma kisichoshika kutu ni rahisi kuliko zote. Kwa hizo soda yaweza kuchemshwa, vijiko vitatu vya chakula kwa lita moja, nusu saa, na mafuta hutoka kwa vipande. Zilizopakwa enameli au utando usioshika chakula zisiguswe na waya wala majivu. Maji ya moto, sabuni na sifongo laini tu, na utando ukianza kubanduka acha kuipikia.

Karai la chuma cheusi na kikaango kizito cha chapati vina sheria yao. Ule weusi laini unaong'aa juu yake ni mafuta yale yale yaliyokauka, lakini hapa yamekaa kwa faida: yanazuia kutu na kuzuia chapati isigande. Kwangua tu yale mabonge yanayonata, osha kwa maji ya moto, kausha juu ya jiko papo hapo na upake mafuta kidogo kwa kitambaa. Nilikuwa na shangazi ambaye msichana wa kazi alimsugulia kikaango chake cha chapati kikawa cheupe kama sarafu, na hakuzungumza naye siku mbili.

Kwa sufuria za kuni kuna kazi moja ya dakika tano inayookoa usiku mzima wa kuroweka. Kabla ya kuinjika sufuria juu ya mafiga, paka nje yote, mpaka chini ya ukingo, sabuni ya kipande iliyoloweshwa, au majivu yaliyokorogwa na maji yakawa mazito kama uji. Mafuta yatakayochuruzika na masizi yatakayopanda yatakaa juu ya sabuni badala ya kushika alumini, na baada ya kupika vyote huondoka pamoja kwa maji ya uvuguvugu. Akiba hiyo ni kubwa kiasi kwamba siku hizi hakuna sufuria ya kikundi inayotoka stoo kwangu bila kipande cha sabuni ndani yake, na bei ya sabuni hiyo imo katika ada ya kuazima.