Ndani ya gofu la ngome, tazama juu kwanza

Ukiingia mnara wa ngome iliyobomoka Uskoti, mfano Threave, ile ya miaka ya 1300 kisiwani katika mto Dee, simama katikati utazame juu. Tafuta safu za matundu ukutani. Humo vilichomekwa vichwa vya boriti. Mbao zilioza, mawe yakabaki, kwa hiyo kila safu ni sakafu ya ghorofa iliyotoweka. Meko ya kuotea moto yanayoning'inia hewani (mimi niliyadhani madirisha!) yataonyesha vyumba vilikuwa wapi. Penye dari ya mawe yenye umbo la kuba hila hii haifui dafu, huoni kitu. Na vitundu vidogo vilivyotapakaa hadi ukuta wa nje usivihesabu: vilishikilia jukwaa la waashi.