Namna ya kufuata mpira wa Uskoti msimu mzima ukiwa umekaa Amu

Mwanzo tuelewane kabisa, huu si mpira wa bandani. Nenda banda lolote mtaa wa Langoni jumamosi jioni umwambie mwenye banda akuwekee Kilmarnock na Motherwell, atakutazama utadhani umemuomba mkopo, manake ndani mna watu hamsini wamelipa waone Arsenal ama Man U na mwenye Kilmarnock yake ni wewe peke yako. Sisi huku Amu, yaani Lamu, mpira wa Uskoti twaufuata kwa simu, kwa jedwali na kwa mdomo barazani, na wallahi ukishajua njia zake waweza ukasahau kabisa ligi ya majirani zao.

Mimi niliingia kwa mlango wa Victor Wanyama, aliyekuwa akichezea Celtic, kama Wakenya wengi. Tarehe 7 Novemba 2012, Celtic na Barcelona pale Glasgow, kona ikapigwa Victor Wanyama akaruka akatia kichwa, Mkenya wa kwanza kufunga Champions League, halafu Tony Watt akatia la pili, Messi akarudisha moja mwisho mwisho na mechi ikaisha 2-1. Barcelona walikuwa na mpira karibu mechi nzima, haikuwasaidia. Wengi walioshangilia siku ile waliondoka na Wanyama alipoenda Southampton 2013, mimi nikabaki, na nimebaki mpaka leo watu wananiuliza wafuateje, basi hii hapa.

Cha kwanza ni timu, na usichukue Celtic wala Rangers. Najua utabisha. Lakini tazama, Aberdeen walibeba ligi 1985, kocha Alex Ferguson kabla hajaenda Man U, na baada ya hapo kutoka 1986 mpaka 2025, misimu arubaini mfululizo, bingwa ni Celtic ama Rangers, hakuna mwingine, na hiyo 2025 wakawa wamelingana ubingwa 55 kwa 55. Ukiwa wa hao wawili raha yako ni zile siku chache wakikutana wenyewe, siku zingine zote unangoja kuona utashinda ngapi. Mpira wenyewe uko chini huko ambako watu wanaogopa.

Timu yangu ni Arbroath, na kisa ni bahari. Uwanja wao waitwa Gayfield, uko ufuoni kabisa, yaani ukuta halafu maji, na bahari ikichafuka povu larukia ndani kwa mashabiki. Golikipa apiga mpira uende mbele upepo waugeuza urudi. Mtu wa Amu aliyewahi kukaa forodhani kusi likikaza hahitaji kuelezwa hayo. Lakabu yao ni Red Lichties, ile taa nyekundu iliyokuwa ikiongoza vyombo vya wavuvi kuingia bandarini usiku. Na wana samaki wao mashuhuri, wafungwa mkia kwa mkia wawili wawili watundikwa juu ya moshi wa kuni, nikasema hawa ni watu wetu tu, sisi tunaanika ng'onda kwa vile jua tunalo. Hawa ndio waliofunga 36-0 mechi ya Scottish Cup tarehe 12 Septemba 1885 dhidi ya Bon Accord, mchezaji mmoja John Petrie alitia 13 peke yake. Na si hadithi za kale tu, 2022 wakiwa na wachezaji wenye kazi zao mchana na mazoezi jioni walimaliza wa pili daraja la pili wakakosa ligi kuu kwa mchujo tu, kisha wakashuka, kisha 2025 wakachukua ubingwa wa League One, daraja la tatu, wakapanda tena. Moyo wako hautulii na hawa.

Kama hutaki Arbroath, kuna Dundee na Dundee United ambao viwanja vyao viko barabara moja, watoka huku waingia kule, ni Mkomani na Langoni, mitaa yetu miwili, kabisa ile. Ama St Mirren, ambao wana Jonah Ayunga, anayechezea Harambee Stars. Desemba 2025 fainali ya League Cup St Mirren waliwapiga Celtic 3-1 na Ayunga akatia mawili. Siku hiyo barazani nilikuwa mfalme, waliokuwa wakinicheka walitaka kuonyeshwa simu.

Halafu jifunze majina mapema manake yanapoteza watu. Jina la timu halikwambii mji. St Mirren wako Paisley, St Johnstone wako Perth, Ross County wako Dingwall, Raith Rovers wako Kirkcaldy, Hearts na Hibs wote wawili Edinburgh. Queen of the South ni timu ya Dumfries, ni wanaume tu, usiingie ukijua ni ligi ya wanawake kama rafiki yangu mmoja.

Sasa masaa, na hapa soma polepole. Mechi nyingi ni jumamosi saa tisa alasiri yao. Kuanzia jumapili ya mwisho ya Oktoba mpaka jumapili ya mwisho ya Machi sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo mechi ni saa kumi na mbili jioni Amu. Miezi iliyobaki wao wasogeza saa, tofauti yawa masaa mawili, mechi ni saa kumi na moja. Weka alamu ya hizo jumapili mbili kwa simu, la sivyo utafungua ukute wako haftaimu. Shida ya saa kumi na mbili waijua mwenyewe. Novemba jua lazama mapema, adhana ya magharibi yaingia mpira umeanza tu, ukitoka msikitini wakuta mmeshafungwa viwili. Februari adhana imesogea karibu na haftaimu, hiyo ndo miezi mizuri, waweka simu mfukoni wasali warudi barazani kipindi cha pili ndo kinaanza. Na Ramadhani ikiangukia huko kwenye baridi sahau kipindi cha kwanza kabisa, hakuna mtu atakaeacha tambi na mbaazi za nazi na kaimati kwa ajili ya kona ya Falkirk.

Vya kufuatia ni vitatu tu. Programu ya matokeo kama Flashscore ama Sofascore kwa mabao na jedwali. Ukurasa wa BBC ule wa maandishi dakika kwa dakika kwa mechi kubwa, wakula bando kidogo sana. Na chaneli ya SPFL yenyewe, hao wenye ligi za Uskoti, YouTube kwa mabao mafupi mafupi, hiyo ingoje mpaka upate waifai ya mtu. Celtic na Rangers wana televisheni zao za mtandaoni wanauzia watu wa nje, ukiwa na uwezo lipa, mimi bando la mia ndo kiwango changu.

Ngoja niwape kisa kimoja ili msipitie nilipopita. Januari moja nimekaa barazani saa kumi na mbili na robo, Arbroath wako nyumbani, naitazama simu haisogei. Natoa data narudisha, bado. Nikaona imeandikwa Post, nikawaambia walioketi mpira umegonga mwamba. Tukangoja. Mzee anayepitisha kahawa akanijazia kikombe, akauliza, "Ami, huo mwamba wagongwa mpaka saa ngapi?" Nikaongeza bando lingine. Kumbe hiyo Post ni kifupi cha postponed, mechi imeahirishwa tangu asubuhi, uwanja umeganda barafu, mimi nimeshakunywa vikombe vinne vya kahawa chungu juu ya mechi ambayo haiko. Kwa hivyo Desemba mpaka Februari kabla hujanunua chochote tazama kwanza kama uwanja umekaguliwa na refa amesema wachezeke, mara nyingi yatangazwa mchana wetu.

Tukija kwa ratiba, msimu waanza Julai na League Cup, makundi ya timu tano tano, na makundi haya yana kitu kitamu sana, droo ikitoka kila timu yapata pointi moja halafu wapiga penalti na mshindi aongezwa pointi moja. Timu zilizo kwa mashindano ya Ulaya haziko kwa makundi, zaingia baadaye. Agosti ligi zaanza, zote nne, Premiership ambayo ndo ligi kuu timu 12 na zile tatu za chini kumi kumi. Scottish Cup yaenda mpaka Mei, fainali uwanja wa Hampden, na kombe lenyewe, yaani kile kikombe kinachoinuliwa, ndilo kombe la taifa kongwe kuliko yote duniani ambalo bado lagombewa, tangu 1874. Hili usilidharau, Februari 2025 Queen's Park wa daraja la pili waliwatoa Rangers 1-0 palepale uwanjani kwao Ibrox, na Mei yake Aberdeen wakawapiga Celtic kwa penalti fainali, kombe lao la kwanza hilo tangu 1990.

Lakini kama kuna kitu kimoja ukishike basi ni mgawanyo. Wao waita split. Timu ni 12, wakicheza mara mbili mbili ni mechi 22, chache, wakicheza nne nne ni 44, nyingi, basi tangu msimu wa 2000 wanafanya hivi, wacheza mara tatu tatu zawa 33, halafu ligi yakatwa katikati kama andazi, sita juu sita chini, na kila nusu wachezana wenyewe kwa wenyewe mechi tano zilizobaki, jumla 38. Na ukishakatwa huvuki. Ukiwa wa saba hata ushinde zote tano na uwapite wa juu kwa pointi wewe ni wa saba tu. Si mfano wa kutunga, 2006 Inverness walimaliza wa saba na pointi 58, na aliyekuwa wa nne, Hibernian, ana 56. Nilipomuelezea mzee wa kahawa hii akaweka dele chini akasema huo ni wizi, na tukabishana mpaka isha.

Ndo maana nakwambia kuanzia Machi usitazame nani anaongoza, tazama wa sita na wa saba. Hapo ndipo pana vita. Wa sita ana mechi na wakubwa na pengine Ulaya yamnyemelea, wa saba anaingia shimoni na wanaoshuka, na tofauti yao yaweza kuwa bao moja la dakika ya tisini kwa mechi ya 33. Mimi siku ya mechi ya 33 sikubali mwaliko wa harusi.

Mei ndo mchujo. Wa 12 ashuka moja kwa moja, wa 11 angoja. Huko daraja la pili bingwa apanda, wa tatu acheza na wa nne nyumbani na ugenini, atakaeshinda akutane na wa pili mara mbili, atakaeshinda hapo ndo akutane na yule wa 11 mara mbili tena. Hesabu mwenyewe, wa nne acheza mechi sita apande, wa 11 acheza mbili tu abaki. Wakubwa walijitengenezea hiyo, mimi sina la kuongeza. Lakini 2025 Livingston walipita wakawatoa Ross County. Na chini kabisa, wa mwisho League Two, daraja la nne, anagombana na timu kutoka nje ya ligi asitupwe kabisa, hizo mechi zifuate kama una roho ngumu.

Imebaki timu ya taifa. Hawa walicheza mechi ya kwanza ya kimataifa duniani, na Uingereza, Glasgow, 30 Novemba 1872, ikaisha 0-0, na kuwafuata ni mateso ya aina yake. Mechi zao nyingi ni usiku, saa mbili kasorobo yao, kwa hivyo kwenye baridi ni saa tano kasorobo usiku huku. Chaji simu kabla ya magharibi usitegemee stima, na ukivaa vile vidude vya masikioni acha sikio moja wazi usikie nyumba.

Tarehe 18 Novemba 2025 walikuwa na Denmark, lazima washinde ndo waende Kombe la Dunia, hawajaenda tangu 1998. McTominay akatia la tikitaka dakika ya tatu. Denmark wakarudisha. Shankland akatia, Denmark wakarudisha tena wakiwa kumi. Nimelala chali juu ya dari, 2-2, dakika tisini zimeisha, nikazima simu. Nikaiwasha. Tierney, 3-2. Halafu dakika ya 98 McLean akaona kipa ametoka, akaupiga kutoka karibu na katikati ya uwanja, 4-2, na mimi nikapiga kelele ambayo punda wa jirani aliijibu.

Mama akatoka na tochi. "Kuna nini, mwizi?"

"Hapana mama, Uskoti wamefuzu."

"Nani amefuzu? Ana mtihani usiku huu?"

Kundi lao lilipotoka nikaona Brazil na Morocco, walewale waliokuwa nao 1998, na Haiti juu yake.