Mgongo na safari ndefu ya pikipiki: anza na usukani, mkanda baadaye

Shemeji yangu huenda Iringa kwa Boxer 150 kutoka Dar, karibu kilomita 500, na kila akifika anashuka ameshika kiuno. Alishanunua mkanda wa kiuno, alishaongeza sponji kwenye siti, dawa za maumivu hazikosi mfukoni. Pikipiki yenyewe ilikuwa haijapangwa kwa mwili wake. Tulifanya hivi.

1. Piga picha ya ubavuni

Weka stendi kubwa, kaa unavyokaa safarini, mtu akupige picha. Viwiko vikiwa vimenyooka na kiuno kimejikunja kuelekea nyuma, usukani uko mbali nawe. Kila shimo litapanda na mikono hadi mgongoni.

2. Usukani

Hapa usiwe na haraka. Legeza boliti nne za vishikio vya usukani bila kuzitoa, kisha uzungushe kuelekea kwako. Sentimita moja au mbili kwenye ncha ya mkono zinatosha kabisa. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, na usiongeze bomba kwenye spana: uzi wa vishikio vile ukilika, umenunua kazi nyingine.

Sasa kata kona hadi mwisho, kushoto na kulia. Kidole gumba kisibanwe kwenye tenki. Washa injini, iache sailensa (ingurume yenyewe bila kuvuta mafuta), urudie. Mngurumo ukipanda unapokata kona, waya wa mafuta umevutwa, na siku utakapogeuza ghafla barabarani pikipiki itaruka mbele yenyewe. Angalia waya wa klachi na mpira wa breki vivyo hivyo. Kama breki ya mbele ni ya diski, kikopo cha mafuta yake kibaki kimelala sawa.

Watu wengi huishia hapo wakasahau mikono ya breki na klachi, ambayo imezunguka pamoja na usukani. Ilegeze uirudishe, ili vidole vikiwa juu yake kiganja kiwe sawa na mkono, kisivunjike kwenda juu. Shemeji alilalamikia mabega hadi tulipofanya hili.

Bado uko mbali? Nunua usukani wa kunyanyuka, na waya ndefu zikihitajika. Vile vyuma vya kuinulia usukani vya kuchongesha mtaani mimi sivitaki. Kimoja kikikatika, huna cha kushika.

3. Shokapu na upepo

Zungusha pete ya chini ya springi kwa ile spana yenye ndoano, pande zote mbili ngazi sawa. Laini kabisa inapendeza mtaani, lakini ukiwa na mzigo shokapu inafika mwisho kwenye tuta na pigo lote linakuja kiunoni. Ukisikia "gong" nyuma, panda ngazi moja.

Upepo ufuate kibandiko cha pikipiki. Wajaza upepo wengi wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe.

4. Siti na mzigo

Sponji iwe ngumu na siti iwe bapa. Begi lifungwe kwenye keria, lisikae mabegani.

5. Njiani

Kaa karibu na tenki, libane kwa magoti, inamia kwenye nyonga. Kwenye tuta nyanyuka kidogo, miguu ibebe uzito.

Shuka kila baada ya saa moja hivi, hata kama huumwi: Chalinze, Morogoro, kisha Doma. Doma usiiruke, kwa sababu mbele yako kuna kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na mle si mahali pa kushuka kunyoosha mgongo. Simama tena Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga, maana nyuma ya malori utakaza mwili wote. Mikono kiunoni, pinda nyuma taratibu mara kadhaa, tembea, kunywa maji.

Mkanda uvae ukitaka. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kumeza ili uendelee kuendesha ndiyo nisiyoikubali: inaumiza tumbo na figo, hasa ukiwa umekaukiwa maji, na inakuficha maumivu yanayokwambia ushuke.

Maumivu yakishuka mguuni na ganzi, muone daktari. Mguu ukilegea, ganzi ikiwa sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, acha pikipiki hapo hapo, upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.